Kufuli la Asilimia Sitini na Moja

Mama Simone alikabidhiwa viti sitini vya plastiki siku ya Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu wote wa shirika lao, na kuanzia dakika ile hakuwa na raha tena.

Shirika, kwa watu wa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenyu moja. Wanasali pamoja, wanachangiana na, zaidi ya yote, wanaliliana. Mtu akifa, shirika linaleta viti, linaleta turubai mbili za kukinga jua, linaleta na sufuria nne ambazo kila moja inapika bukari, yaani ugali, wa kushibisha nusu ya mtaa. Bila vitu hivyo kilio ni aibu tupu. Wageni watasimama juani kama watu waliokosa lori, na watakaporudi kwao habari hiyo itafika Likasi kabla ya wao wenyewe.

Mtunzaji wa zamani alikuwa amehamia kwa binti yake Lubumbashi na kuacha viti sitini kati ya sabini na viwili. Vile kumi na viwili hakuna aliyejua vilikokwenda, ingawa kila mtu alikuwa na baa yake anayoishuku. Kwa hiyo Tata Godefroid, rais wa shirika, mwalimu mstaafu ambaye hajaacha kufundisha, aliitisha kura ya mikono. Mama Joyeuse, mwenye nyumba ya ukuta mrefu na geti la chuma, alijua vitu vinakwenda kwake. Chumba alikwisha kukifagia tangu Ijumaa. Lakini mikono ilihesabiwa, ikahesabiwa tena, na Mama Simone, mkaanga bitumbula, maandazi ya kwao, wa pale kona, mwanamke ambaye katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kupewa hata ufunguo wa kabati, akashinda kwa kura tatu.

"Mi siko na neno," Mama Joyeuse alisema, akitabasamu kwa meno peke yake. "Lakini mulango ya Mama Simone iko ya mbao. Kiti moya ikipotea, moya tu, ao siku ya kilio bantu bakose fasi ya kuikala, bitu yote bikuye kwangu. Tuandike ile."

Ikaandikwa, tena kwa kalamu nyekundu. Tata Godefroid akatoa pesa kidogo kwenye bahasha ya shirika ili linunuliwe kufuli zuri, kadena, kama wanavyoliita kule. Mama Simone akanyoosha mkono kuzipokea. Mkono wa mume wake ukafika kwanza.

"Ile ya kadena, muniachie mi," alisema Tata Mukuna.

Symphorien Mukuna alikuwa mtunza ghala, magasinier, wa kampuni ya migodi kwa miaka ishirini na minane, upande wa vipuri. Kampuni ilikwisha kumsahau, yeye hakuisahau. Nyumbani kwake kabati la sukari lilikuwa na kufuli. Redio ilikuwa na sanduku, na sanduku lilikuwa na kufuli. Bomba la maji uani, kufuli. Choo nacho alikifunga siku za soko, kwa maana wapita njia hawana haya. Funguo zote zilikaa kwenye mkanda wake. Mama Simone akitaka sukari aliomba, akaulizwa ni ya nini, akajibu, na kama jibu lilikuwa zuri alipata vijiko vitatu. Watu walisema si ubaya, ni kazi iliyomwingia kwenye damu. Ni rahisi kusema hivyo kama chai inayokosa sukari si yako.

"Tata Tatiana," Mama Simone alimwambia njiani, akimwita baba wa binti yao, "ile bitu balinipatia mi."

"Eeh. Na mi nitabichunga."

"Balisema Simone. Habakusema Symphorien."

"Mama, bibi na bwana ni kintu kimoya."

Hoja hiyo haikuwahi kumsaidia kupata sukari, lakini Mama Simone aliendelea kutembea. Alitaka kazi ile. Alishangaa mwenyewe jinsi alivyoitaka.

*

Kesho yake Tata Mukuna alikwenda sokoni, kwenye meza ya Mbuyu, ambaye makufuli yake yametundikwa juu ya kartoni kwa ukubwa, kuanzia yale ya mkoba wa shule mpaka yale ya kutisha watu.

"Tata, kamata hii," alisema Mbuyu. "Origino. Ata ku mine kubwa-kubwa, njo hii banaweka."

Tata Mukuna alitoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaisogeza. Kufuli likaruka na kuibusu.

"Origino inashikwa na sumaku? Hii ni chuma, balipaka tu rangi ya manjano."

"Aka! Tata, sumaku nayo iko na wivu."

La pili lilinata. La tatu nalo likanata. La nne, zito, lenye umbo la kawaida na lisilo na picha ya simba, halikunata mwilini hata kidogo. Sumaku ilishika ule upinde wa juu tu, ambao lazima uwe wa chuma kigumu ili msumeno usiule. Mbuyu aliona macho ya mteja wake, na bei ikapanda kabla hajafungua mdomo.

"Ile nilikuwa naichungia pasteur moya," alisema.

Mwingine angelipa akaenda zake. Lakini mtu aliyezeekea Kolwezi haamini macho, na sumaku haiamini sana. Kitu kinaweza kukataa sumaku na bado kikawa takataka. Tata Mukuna akaacha kadi yake ya kupigia kura mezani kama rehani, akafunga makufuli yote manne kwenye leso, akapanda taximoto mpaka nje ya mji, kwenye depo ambako wachimbaji huuza mawe yao. Ezéchiel, mtoto wa dada yake, ndiye aliyeshika mashine pale. Mashine yenyewe inafanana na ile ya kukaushia nywele saluni: unaielekeza kwenye jiwe, unabonyeza, inakwambia kuna shaba kiasi gani ndani. Ikisema nyingi, mchimbaji anakula nyama. Ikisema kidogo, anatukana mama wa mashine.

Kulikuwa na foleni. Vijana wenye vumbi mpaka kwenye kope, kila mmoja na gunia lake la mawe ya kijani na meusi, na katikati yao mzee mwenye leso.

Kijana wa nyuma yake alichungulia. "Vieux, ile shimo ya kutoa mawe yenye fungulo, iko wapi? Na shi twende."

Foleni nzima ilicheka. Ezéchiel aliinamisha uso. "Tonton, bakubwa bangu banaangalia."

"Pima."

"Tonton, hii mashini si ya kadena."

"Shaba ni shaba. Pima."

Akapima. La kwanza: chuma, makumi kenda na mbili. La pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa na mchanganyiko ambao hata mashine ilifikiri kidogo kabla ya kuusema. Kisha akaelekeza kwenye la nne, akatazama, akatazama tena, sauti ikabadilika.

"Shaba, soixante et un. Zinki, trente-huit."

Sitini na moja kwa mia! Foleni ikapiga mluzi. Yule kijana mcheshi hakucheka tena. "Miezi tatu nachimba, shimo yangu haiyapata ata sita. Vieux, kamata shimo, unipatie kadena."

Tata Mukuna alirudi sokoni kichwa kimevimba. Alilipa bila kupunguziwa, jambo ambalo Mbuyu alilisimulia kwa siku mbili. Pesa za bahasha zikaisha pale pale, kwa hiyo vile vidude vingine, yaani lile bati la mlangoni linalopokea kufuli pamoja na skrubu zake, hakuvinunua. Alikwenda kwenye banda la zamani la kuku, akang'oa vya pale na kuvifunga kwenye mlango wa stoo ya viti. Skrubu nne, tatu kati yake za ukubwa mmoja. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani ataangalia mwiba akiwa ameshika asilimia sitini na moja?

Kufuli lilikuja na funguo tatu. Zote tatu zikaenda kwenye mkanda.

"Moya unipatie," alisema Mama Simone.

"Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili, kama ya kwanza inapotea. Ya tatu, kama ya pili inapotea."

"Na zikipotea zote, sababu ziko fasi moya?"

"Mama. Mi nilikuwa magasinier."

Wiki ile nzima alitangaza kiwango cha kufuli lake kwenye avenyu kama mtu ambaye mtoto wake amepasi mtihani wa serikali. Alimwonyesha kila mtu, hata Tata Kitenge, rafiki yake wa nyumba ya nne, aliyelipima mkononi na kusema ni zuri kiasi kwamba yeye angeacha viti nje na kulifungia kufuli ndani.

*

Tata Kitenge alikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alikunywa chai, akasema mgongo unamuuma, akajilaza kidogo. Mkewe, Mama Agnès, alipokwenda kumwamsha ale viazi, hakuamka. Asubuhi ilikuwa haijaisha wakati sauti yake iliposikika avenyu nzima, na kila mwanamke aliacha alichoshika.

Mama Simone aliacha mafuta motoni. Muda si muda uwanja wake ulijaa wanawake waliokuja kuchukua viti, na wanaume walikuwa tayari wamekata matawi ya kulaza barabarani ili magari yajue kuna kilio. Alifuta unga mikononi akaelekea kwenye mlango wa stoo, kwa sababu miguu ilitangulia kabla akili haijakumbuka. Akafika, akasimama. Kufuli liling'aa mbele yake.

Tata Mukuna alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kwenye shamba lake la mahindi, upande wa Nzilo. Funguo tatu zilikuwa kwenye shamba la mahindi, upande wa Nzilo. Mama Simone alipiga simu, akajibiwa na yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu wako hapatikani. Alipiga mara saba. Mwanamke yule hakuchoka.

"Mama mutunzaji," alisema Mama Joyeuse, mikono kiunoni, "fungulo iko wapi?"

"Iko na Tata Tatiana."

"Na Tata Tatiana iko wapi?"

"Ku shamba."

"Ku shamba." Mama Joyeuse aligeuka ili wote wasikie vizuri. "Basi mutu aende kumuambia Tata Kitenge arudie kidogo, atakufwa kesho."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma Mama Simone kuliko kicheko. Ndugu wa Mama Agnès walikuwa njiani kutoka Lubudi, basi zima, watu wagumu waliokataa posa ya Kitenge mara mbili enzi zile na ambao bado walitafuta sababu ya kulaumu. Wangefika baada ya muda mfupi na kukuta wazee wamekaa juu ya matofali. Kalamu nyekundu ilikuwa imekwisha kuandika yatakayofuata.

"Vunjeni," alisema.

Alikuja kijana mmoja mchimbaji, mpangaji wa nyumba ya jirani, na nyundo yake ya mgodini. Alipiga mara kumi na mbili. Kufuli lilipata alama ndogo, kijana akapata malengelenge. Alilifuta kwa kiganja, akalitazama kwa heshima. "Mama, hii iko na shaba ya kweli," alisema, habari ambayo pale uani ilikuwa inajulikana. Akaja fundi wa kulehemu na msumeno wa chuma. Wembe wa kwanza ukakatika. Wembe wa pili ukakatika. Umeme wa mashine yake ya kukatia haukuwepo tangu juzi. Wanawake walianza kutazamana. Mmoja alisema tuazime viti kwa Waprotestanti, na ikawa kama ametukana.

Tatiana, binti wa nyumba, msusi wa nywele mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa amesimama pembeni muda wote huo akifikiri. Watu wote walilitazama kufuli. Yeye, kwa mazoea ya kazi yake, alitazama linakoshikilia.

"Maman," alisema, "hii si bati ya banda ya kuku?"

"Njo ile."

"Banda ya kuku nilikuwa nafungula na kijiko."

Akaingia ndani, akatoka na kisu cha kupakia margarini. Akatia ncha kwenye skrubu ya kwanza. Ilizunguka kwa upole kama inayongoja kuombwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko tundu lake, ikatoka kwa kucha. Ya nne ilianguka yenyewe. Mlango ukafunguka, na kufuli likafuatana nao likining'inia kwenye bati lake, limefungwa barabara, bila kosa lolote.

Kisha sauti ya nyuma ikanong'ona, "Soixante et un," na wanawake ishirini wakauma midomo kwa pamoja, kwa sababu maiti ilikuwa bado ya moto na kucheka haikufaa.

Mama Simone hakuwa na nafasi ya kucheka wala kulia. Alisimama mlangoni akaanza kuita. Mama fulani viti vinne, fulani vitatu, vijana turubai na kamba zake, nyie wawili sufuria hii. Hakuandika chochote na hakusahau chochote. Mama Joyeuse alijikuta amebeba sufuria kubwa kichwani na yuko katikati ya barabara kabla hajakumbuka kwamba alikuja kulalamika. Watu wa Lubudi waliposhuka kwenye basi walikuta turubai imesimama, viti vimepangwa, na maji ya bukari yanachemka. Walitafuta sababu wakaikosa.

*

Tata Mukuna alirudi jua likianza kulegea, juu ya taximoto, na nusu gunia la mahindi mabichi. Alitokea upande wa chini wa avenyu, kwa hiyo matawi ya barabarani hakuyaona. Alichoona ni mlango.

Ulikuwa wazi. Kufuli lilining'inia. Akalivuta: limefungwa. Akalivuta tena, kwa sababu hakuelewa. Akaingia ndani, akakuta sakafu. Miaka ishirini na minane hakupoteza hata bolti moja ya kampuni, na leo ameporwa mpaka turubai! Alitoka kuita majirani. Nyumba zote zilikuwa tupu, na hilo kwake lilithibitisha ukubwa wa genge. Kisha akasikia nyimbo za kanisa kutoka juu. Vizuri, aliwaza. Shirika wanasali. Rais yuko pale.

Akakimbia, mtu wa miaka sitini na sita, viatu vya shamba, kofia mkononi. Aliingia chini ya turubai wakati wanaimba ubeti wa tatu.

"Président! Président! Balituiba! Viti yote! Sitini! Sufuria nne! Ata bâche, balibeba na bâche!"

Wimbo ulikatika. Watu sitini walimtazama wakiwa wamekaa. Juu ya kichwa chake bâche yenyewe, ile turubai, ilipepea kidogo kwa upepo. Nyuma, mtu alifunua sufuria kuangalia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Tata Mukuna," alisema Tata Godefroid, kwa sauti aliyokuwa akiwatolea wanafunzi ambao hawakusoma, "viti ngapi?"

"Sitini!"

"Hesabu."

Na maskini wa Mungu, kwa kuwa alikuwa mtunza ghala na ameambiwa ahesabu, akainua kidole akahesabu. Alifika kumi na nne. Pale midomo ikaendelea kutembea bila sauti.

Aliyeanza ni Mama Agnès. Tangu asubuhi alikuwa hajasema neno; alikaa chini kwenye mkeka, macho ukutani, na waliomshikilia walikuwa wameanza kuogopa. Mabega yake yakatikisika. Wakamkumbatia wakidhani anarudi kulia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakapata njia, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kitenge," alisema, "Kitenge wangu, amuka uone rafiki yako!"

Ndipo Tata Mukuna alipojua kilio ni cha nani. Kidole kilikuwa bado juu.

"Kitenge?" aliuliza. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, mmoja akitoa vipuri dirishani, mwingine akivipakia kwenye lori na kumtania kwa dirisha lilelile. Mtu alimsogezea kiti, cha kumi na tano, akakaa na kufunika uso. Watu walicheka na kulia chini ya turubai moja, na waliochelewa kufika waliuliza mlangoni kama hawajakosea nyumba. Mama Simone alimtazama mume wake kutoka kwenye sufuria. Alikuwa na hasira naye ya kutosha wiki nzima, na alimhurumia, na hakujua aanze na lipi.

*

Jumapili baada ya mazishi shirika lilikaa. Viti vilikwisha kurudi, sitini, hakuna hata kilichopasuka mguu. Mama Joyeuse alisimama, akaomba daftari lifunguliwe kwenye wino mwekundu.

"Kiti haikupotea, ni kweli," alisema. "Mi sisemi uongo. Lakini siku ya kilio mutunzaji hakuwa na fungulo. Mulango ilifunguliwa na kisu ya margarine. Kesho atakuya mwenye kisu mwengine. Bitu bikuye kwangu."

Alikuwa na haki, na kila mtu alijua. Mama Simone alitazama mikono yake juu ya mapaja. Kulikuwa na jibu, tena jibu moja tu, na alikuwa nalo mdomoni: sikupewa. Lakini mke anayemvua mume wake nguo mbele ya watu hubaki uchi naye. Akalimeza. Siku kumi na nne alikuwa mtunzaji. Zilikuwa siku nzuri hata zile mbaya.

Tata Mukuna akasimama kwenye benchi la nyuma. Baadhi ya watu walijiandaa kucheka. Walidhani ataeleza habari ya skrubu.

"Mi njo nilikosa," alisema. "Mulipatia Simone kazi, mi nikaikamata." Akaushika mkanda wake. "Ku kampuni balitufundisha, ukipatia mwenzako fungulo, kintu ikipotea we njo utalipa. Nilibeba ile neno mpaka ku nyumba. Makumi tatu na moya ya miaka. Mpaka sukari."

Mtu alikohoa.

"Siku Kitenge alikufwa, bibi yangu alisimama mbele ya mulango yake kama mugeni. Mi niko ku mahindi, na fungulo tatu. Kama munapeleka bitu kwa Mama Joyeuse, mupeleke. Lakini musiandike Simone alishindwa. Muandike jina yangu. Na hiyo nyekundu."

Akaanza kuzitoa funguo kwenye pete ya mkanda. Pete ilikuwa ngumu, kwa hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyemsaidia. Akazipeleka mwenyewe mpaka mbele, akaziweka kwenye mkono wa mke wake.

Tata Godefroid aliita kura: vitu vibaki kwa Mama Simone? Safari hii hakukuwa na haja ya kuhesabu mara mbili. Mkono wa Mama Joyeuse tu ndio uliobaki pajani.

Mama Simone alisimama. Alisema skrubu mpya zitanunuliwa, ndefu, za kupita mpaka upande wa pili wa ubao, na zitafungwa kwa ndani. Kisha akavuka uwanja mpaka kwa Mama Joyeuse, akamfungua kiganja, akaweka ufunguo mmoja.

"Kifo haipige simu," alimwambia. "Siku sitakuwa, we fungula."

Mama Joyeuse alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kejeli, hata kwa machozi. Alitazama ufunguo. "Na kama kiti inapotea?"

"Tutaitafuta, mi na we."

"Iko nzito," alisema Mama Joyeuse, maana alihitaji kusema kitu, na akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, fundo mara mbili.

Ufunguo wa pili ulikwenda kwa Tatiana, kule kwenye kwaya, na kwaya nzima ikapiga kelele kwamba yule hana haja nao, ana kisu chake. Wa tatu Mama Simone akaufunga kwenye kitenge chake mwenyewe.

Tata Mukuna alikuwa bado amesimama mbele, kiganja wazi.

"Na mi?" aliuliza taratibu.

"Weye utaomba."

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Mama Simone hakucheka. Alimtazama machoni, akangoja, mpaka akaona amesikia vizuri.

Tata Mukuna akashusha mkono.

"Nitaomba," alisema.